Farasi wa Mfalme Yupi

Nani kaacha mlango wazi? Fungeni, upepo unaingia na masikio ya watu yanaingia nao. Sidwin, kaa hapa kichwani. Ketil, hapo miguuni, na usinikodolee macho hivyo, bado sijafa. Gunvor, nisogezee... ah, si Gunvor. Tova. Nisamehe, mwanangu, umefanana na mama yako hata nikasahau kwamba tulishamzika. Padri Winsige, wewe keti popote, ila usikie vizuri, maana wosia bila shahidi hausimami. Majirani waacheni huko nje na pombe yao ya shayiri, haya hayawahusu.

Sikieni basi, nyie watatu niliowazaa, maana pumzi ni chache, na akili nayo inakuja na kuondoka bila kuaga.

Ukumbi huu wa Stanwik na mashamba yake mpaka kijitoni ni wako, Sidwin. Kinu na msitu wa nguruwe ni vya Ketil. Tova achukue malisho ya ng'ambo ya kijito, mizinga ya nyuki na lile pazia la ukutani alilolishona mama yake, na asije mtu akamwambia mwanamke hana haki ya ardhi, kwa kuwa kwetu anayo na baraza la jimbo linajua. Dudda mchunga nguruwe ni huru kuanzia leo. Mpelekeni njia panda mbele za watu, mwambieni achague njia anayoitaka. Najua atarudi kwa nguruwe wake, lakini arudi kwa kupenda mwenyewe.

Nimeyasema yote? Nimeyasema. Sasa jueni kwamba hayo yote ni maneno matupu mpaka mfalme ayakubali, na mfalme hayakubali mpaka apokee marejesho. Mfalme, bwana wangu, ndiye aliyenipa silaha ujanani, nikifa zinarudi kwake: farasi wawili na matandiko yao, upanga, mikuki, ngao na deraya. Mrithi anazipeleka mara moja, anapiga magoti, anasema, bwana, baba yangu anakuomba wosia wake usimame. Farasi wakipokelewa, ardhi ni yenu. Wasipopokelewa, nyapara wa mfalme anakuja na watu wake, nanyi mnalala barabarani na wake zenu.

Kwa hiyo farasi waende kwa mfalme, Winchester. Nisalimieni huyo bwana, mwambieni upanga wake sikuwahi kuuacha ushike kutu. Mbona mnatazamana? Nini? Amekufa? Lini? Lo! Mlishaniambia. Asubuhi mliniambia, na jana pia, sasa nakumbuka, nililia.

Amekufa, akaacha wana wawili wa mama mbalimbali. Mkubwa yuko huko ng'ambo ya mto Thames, watu wa kaskazini na mabaharia wa London wanamtaka. Mdogo ana mama yake malkia, ana hazina, ana askari wa nyumbani kwa marehemu, ila yeye mwenyewe yuko Denmaki na hajaonekana. Wakubwa wa nchi wakakaa Oxford wakabishana, wakatoka wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia. Na sisi tuko hapa mtoni penyewe. Ng'ombe wetu wanakunywa kwa mfalme mmoja na kujisaidia kwa mwingine.

Nilitegemea padri atatufumbua macho. Padri, wewe katika misa unamwombea mfalme yupi? Zamani ulikuwa unataja jina vizuri kabisa. Safari hii umefika kwenye "umlinde mfalme wetu", ukakohoa. Nikadhani una mafua. Jumapili iliyofuata ukakohoa pale pale! Usicheke, Ketil. Mungu mwenyewe huko juu anangoja padri amalize kukohoa ajue anaombewa nani.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Farasi wakienda kwa mkubwa, halafu mdogo akatokea na merikebu zake, nyie ni waasi. Wakienda kwa mdogo, waende wapi, Denmaki? Wakibaki zizini, Osgod wa ng'ambo ya kijito atakimbia kwa yeyote atakayeshinda akaseme watu wa Stanwik wamemnyima mfalme haki yake, apewe yeye hii ardhi. Huyo Osgod! Aliyadai malisho yetu mbele ya baraza, akaambiwa aape, na kiapo mnakijua, kinatoka chote bila kigugumizi, neno likikwama kesi imekwisha. Akaapa vizuri, nikaanza kutoka jasho, akafika "wala kwa hila", akapiga chafya. Baraza zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hanisalimii, na mimi nikiumwa tu anapita kuchungulia. Sasa hivi yuko hapo nje, mlangoni, anakunywa pombe yangu.

Sidwin, tuambiane ukweli. Umeshampigia mtu magoti? Sema kwa sauti. Mkubwa. Haya. Umefanya ulivyoona. Na wewe Ketil? Mbona unatazama majivu? Ketil! Malkia? Ulikwenda Winchester ukatia mikono yako katika mikono ya watu wake, kwa niaba ya huyo mdogo? Jamani. Jamani wanangu! Ndugu wa tumbo moja, mnaota moto mmoja, mnamega mkate mmoja, na kila mmoja ameapa kwamba adui wa bwana wake ni adui wake. Nani kawaroga? Tova, ulijua? Ulijua. Mimi peke yangu ndiye niliyefichwa. Inauma. Inauma kuliko hiki kifua.

Nipeni maji.

Nilikuwa wapi? Farasi. Wapelekwe kwa... Nimeshasema kwa nani? Basi sahauni. Sidwin ampeleke mmoja kaskazini, Ketil ampeleke mwingine Winchester, si wako wawili? Hapana. Hapana, hiyo ni kuipasua nyumba, kila mmoja atasema Stanwik yote ni ya bwana wangu, mtakutana kijitoni na mikuki. Kaskazini basi. Au... Mbona huyu mfalme hasemi neno, yuko pale karibu na moto anatabasamu tu? Hayupo? Sawa, hayupo. Niacheni nifikiri.

Padri, marejesho yanadaiwa lini? Mtu akifa. Si kabla. Mpaka afe.

Basi mimi sifi.

Msinishangae, sijapata wazimu. Roho itatoka, tena naona haiko mbali, lakini kwa watu wa nje sijafa. Niwekeni kwenye banda la nyama, baridi hii itanihifadhi. Nilazeni kando ya nguruwe wa chumvi, tumejuana siku nyingi, hawatalalamika. Atakayeuliza mwambieni mzee amelala, ana baridi kidogo, hasemi na mtu, na hapo hamjasema uongo. Usitikise kichwa, padri. Wewe ukiulizwa, kohoa.

Ngojeni hivyo mpaka nchi imjue mfalme wake. Akishinda mkubwa, Sidwin ashike hatamu aende mbele, Ketil afuate na upanga, apige magoti pale pale atakapopiga ndugu yake, na Sidwin aseme, huyu ni wangu, nakibeba kiapo chake. Akishinda mdogo, Ketil mbele, Sidwin nyuma, maneno ni yale yale. Kisha semeni baba kafariki leo, mkanizike kando ya Gunvor. Kungoja nitangoja.

Shikaneni mikono. Si mimi, nyie wawili, hapa juu ya kifua changu nisikie uzito wake. Haya, apeni. Polepole. "Sitamwinulia ndugu yangu mkono, kwa bwana yeyote." Ketil, rudia, umemeza neno la mwisho. Bwana yeyote. Hivyo.

Gunvor... Tova. Sogea, sauti inanikimbia. Wewe ndiye ninayekuogopa. Hawa watajikaza. Wewe tangu mtoto ukilia... kijiji kizima kinajua. Usinililie, mama. Osgod yuko hapo mlangoni. Kilio kikivuka mlango huo, ardhi imekwenda nacho, na ndugu zako nao.

Mungu awape nyote... watoto, na miaka, na mkate. Na mfalme mmoja. Mmoja tu atatosha.

Unaona, umetaka kucheka. Cheka, Tova. Kwa nguvu, wasikie huko nje. Waseme mzee anawatania wanawe. Usinitazame... itazame ile taa... wewe cheka.

Hivyo. Usiache, mama. Usi...