Samaki wa Mama Félicité

Benchi letu liko mtaa wa Bigo, mbele ya chumba ambamo marehemu Mama Félicité alitulisha kwa miaka ishirini na miwili. Alipofariki mlango ulifungwa, nasi tukabaki nje na kahawa ya birika na ukaidi wetu. Sasa Vital amekikodi chumba kile. Huyu Vital aliishi Ufaransa miaka tisa, katika kijiji cha mashamba ya zabibu kule Bourgogne, akaosha sahani mpaka akapewa mwiko. Yote aliyorudi nayo ameyatia humu. Jumamosi anafungua restora, na ameapa kwamba chakula cha kwanza kitakuwa samaki wa Félicité kwa sombe, majani ya muhogo. Anajua kwamba benchi likikataa, Bigo nzima itapita ng'ambo ya barabara. Tangu jana ametuletea sahani sita za kuonja. Tano tumezimaliza, na zote tano tumezikataa.

VITAL: Basi? Hii ya sita?

RÉMY: Iko muzuri. Lakini haiko yake.

VITAL: Inakosa nini, Papa Rémy?

RÉMY: Ile kitu.

VITAL: Kitu gani?

RÉMY: Ningeijua, ningekuwa mupishi. Ongeza kidogo, nihakikishe.

Rémy ni mwalimu mstaafu. Tunamwita Ya-Pili, kwa sababu hajawahi kuinuka mezani kabla ya sahani ya pili. Kando yake alikaa Mama Pétronille, aliyefanya biashara ya mpakani Aru mpaka tukampa jina la Mama Duane, mama wa forodha.

PÉTRONILLE: Munajisumbua bure. Ilikuwa sufuria. Ile nyeusi yenye nilimuletea mi mwenyewe toka Aru. Haikuonaka sabuni hata siku moja. Kila samaki aliachia mwenzake butamu kidogo. Haba na haba hujaza kibaba!

LIÉVIN: Sufuria? Mama, acha. Ilikuwa siye.

Liévin tunamwita Karati, kama kipimo cha dhahabu. Alichimba dhahabu miaka mingi, na alichobaki nacho ni jina hilo.

PÉTRONILLE: Weye namna gani?

LIÉVIN: Tukitoka mu mashimo, tunanawa wapi? Mu beseni ya Félicité. Vumbi ya zahabu inabaki mu maji. Sasa ile maji, alikuwa anaimwanga wapi?

RÉMY: Mu sombe?

LIÉVIN: Mi sisemi. Mi nauliza tu.

PÉTRONILLE: Ndiyo mana ulibaki masikini. Zahabu yako yote, Rémy aliikula. Na ya pili juu!

Vital alicheka, mara ya kwanza tangu jana.

VITAL: Kule, watu wa divai wanasema butamu inatoka mu udongo. Kilima hii na ile ya pembeni, zabibu ni moja, lakini divai ni mbili.

RÉMY: Sema tena restora zao. Anzia ile ya mutoni.

Tumeisikia mara kumi, na bado tunaiomba.

VITAL: Ya mutoni, wanakaanga samaki wadogo-wadogo, na kichwa yake yote. Unakula na vidole. Hakuna mutu anakuangalia vibaya.

RÉMY: Ile ni Kasenyi, ku ziwa! Ni kwa Mama Rébecca, pale mitumbwi inashukisha samaki! Hawa Wafaransa walituiga.

VITAL: Kuko ingine juu mu kilima, mu chumba ya chini yenye walikuwa wanawekea mapipa. Wakati wa kuvuna, wanapanga meza moja murefu. Tajiri na muvunaji wanakaa bega kwa bega. Lakini mi nilipenda ya Madame Annette, kule nilikuwa natumika, mbele ya kanisa. Hauchagui kitu. Alhamisi ni jogoo mu divai. Ukichelewa, unakula supu na unasema aksanti.

PÉTRONILLE: Jogoo mu divai! Na padiri anajua?

VITAL: Padiri ndiye anafikaka wa kwanza, Mama.

Halafu akaitazama birika. Nilimwonea huruma. Alipokuwa kule alimtamani samaki wa hapa. Yuko hapa, anamtamani jogoo wa kule. Na mimi je? Nilimtamani Félicité mwenyewe. Nilitamani kumsikia akigonga mwiko ukingoni mwa sufuria na kuuliza, "Muko wangapi?" hali anatuona. Wakati wa vita aliuliza hivyo kila asubuhi, na sisi tulijibu kwa sauti kubwa, kwa furaha ya kuwapo.

LIÉVIN: Basi kama ni udongo, tumepotea. Samaki ya zamani ilikuwa inapanda toka Kasenyi ku baiskeli. Inapigwa na upepo ya mulima, roho yake inatulia. Leo wanaifunga mu barafu. Inafika hapa na hasira. Utapika namna gani samaki yenye hasira?

RÉMY: Na Félicité alikuwa anaikunja! Ndiyo mana wazee walisema, samaki mukunje angali mubichi. Vital, weye unainyoosha. Umeharibu methali muzima.

Tungecheka, lakini Vital alitoa kikaratasi mfukoni na kuandika: *kukunja*.

Hapo kando yetu alikuwa amesimama Gentille, fundi cherehani aliyehamia chumba cha jirani wiki hii. Alikuja na kikombe chake kuomba kahawa, akatusikiliza mpaka ikapoa.

GENTILLE: Samahani, wazee. Ule mama, yeye mwenyewe alipendaka kula nini?

PÉTRONILLE: Félicité? Alipendaka… ngoja.

LIÉVIN: Samaki. Si alikuwa anaipika kila siku?

GENTILLE: Mulimuona anaikula?

Tulitazamana. Tulijua jina la bintiye, homa zake, wimbo aliouimba akimenya vitunguu. Miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyekumbuka kumwona ameketi na sahani mbele yake. Niliona haya, na sikuwa peke yangu.

RÉMY: Siku moja nilipita nyuma, natafuta ya pili. Nikamukuta amesimama, anakwangua chini ya sufuria na mwiko. Nikasema, Mama, kuko kitu imebaki? Akapanguza mudomo haraka. Akasema, imeisha, Papa Rémy, niko naosha tu.

PÉTRONILLE: Na weye?

RÉMY: Mi niliamini. Nikaenda.

Pikipiki mbili zilipita, vumbi likatua juu ya vikombe.

VITAL: Sasa Jumamosi nipike nini?

RÉMY: Pika chakula yako. Ikiwa samaki, ikiwa ile jogoo ya padiri. Tutakuja.

VITAL: Wote?

PÉTRONILLE: Wote. Na nitaleta watu wa kwaya.

VITAL: Hata kama haiko yake?

Rémy aliitazama sahani ya sita, iliyobaki na nusu ya samaki magotini pake, kisha akamtazama Vital, aliyesimama mbele yetu tangu asubuhi na kitambaa begani.

RÉMY: Mutoto, weye leo umekula?

Vital alitikisa kichwa. Rémy akamwekea sahani mikononi, na sisi tukasogea kumpa nafasi kwenye benchi.