Arvid Niskala na Bomba Lililoganda kwa Lempi

Marehemu Arvid Niskala alizaliwa tarehe 4 Machi 1944 shambani kwa wazazi wake, hapa Tapiola, Michigan, theluji ikiwa imefika madirishani. Alisoma hapahapa hadi darasa la nane, akamaliza sekondari Hancock mwaka 1962. Walimu walisema ana akili. Yeye alisema ana njaa.

Mwaka 1967 alianza kutengeneza mashimo ya maji taka ya majumbani, kazi aliyoifanya hadi 2014. Mtu akipiga simu kwamba shimo limejaa, Arvid alimwacha amalize kulalamika.

"Shimo lisilo na tatizo huwa limejaa, mama; maji yakiingia, mengine hutoka. Sasa niambie, ni sinki moja inayosuasua au zote?"

Ikiwa moja, kosa lilikuwa bomba la ndani. Zikiwa zote, alikuja kukagua shimo lenyewe, kisha nyasi za juu ya mitaro ya kunyonya maji yatokayo shimoni. Zikiwa zimestawi kupita kiasi, alijua maji yamekosa pa kwenda.

Januari 1983 aliitwa kwa Lempi Ruona, aliyekuwa mjane kwa miaka mitatu. Bomba lake la kwenda shimoni liliganda kila msimu wa baridi. Arvid aliyeyusha barafu, akakaribishwa kahawa jikoni.

"Bomba halina kosa, Lempi. Maji ya moto ya mtu mmoja hayatoshi kulipasha joto."

"Kwa hiyo nikanunue watu?"

"Mimi naoga kila siku."

Lempi alicheka mpaka kahawa ikapoa. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni mwaka uleule, na bomba halikuganda tena.

Moyo ulianza kumsumbua Arvid mwaka 2022. Oktoba mwaka huu wa 2023, daktari akiwa amemkataza kubeba hata ndoo, Lempi alimkuta nje akitandaza majani makavu juu ya bomba ili lisigande, kama kila mwaka, ila safari hii mengi zaidi.

"Wee mzee, unataka kufa? Mbona mengi hivyo?"

"Msimu huu utaoga peke yako."

Lempi alichukua reki, wakamaliza pamoja. Kuanzia siku hiyo aliuhisi upweke, naye mumewe angali analala ubavuni pake.

Arvid alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2023. Ameacha mjane, Lempi. Binti wa Lempi ambaye Arvid alimlea, Karin, anayeishi Duluth. Na wajukuu wawili. Karin anataka mama ahamie kwake. Lempi hataki kuiacha nyumba aliyoishi na Arvid, ila anajua majani pekee hayatalikinga bomba hadi Machi. Kwa hiyo anawaomba, majirani: kila Jumamosi sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, itawashwa. Njooni muoge, wala msiwe wachoyo wa maji.

Arvid wetu, lala salama.