Kibeji Namba Kumi na Saba

Mwaka 1997, wagonjwa wa kambi za wakimbizi wakiwa wamejaa hadi verandani, hospitali moja ya Kigoma ilipata daktari mgeni wa mapigo ya moyo. Alikuwa akipitisha waya kwenye mshipa mpaka moyoni, eksirei ikiwaka muda wote ili auone. Aproni ya risasi, ya kuzuia mionzi, ilikuwa moja, aliivaa yeye. Muuguzi Skolastika alimshika mgonjwa akiwa na gauni lake la kazi tu, na mimba ya miezi minne. Jioni moja mumewe, Anatoli, alifika kwenye benchi la kahawa la mtaa wa Gungu, barua mkononi, uso umemvimba kwa hasira.

— Majibu ya kibeji cha mke wangu, cha kupimia mionzi, haya hapa. Someni.

Zubery, fundi cherehani waliyemwita Waziri, alisoma:

— “Kibeji namba kumi na saba: hakuna mionzi.” Sasa unanuna nini, Toli?

— Jina langu Anatoli. Mashine inawaka saa nzima, mke wangu kasimama ubavuni, halafu hakuna?

— Maziwa hayo! Ukinywa maziwa, mionzi inateleza.

— Acha uongo, Waziri! alidakia Nickson, fundi wa injini za boti, maarufu kama Pistoni. Dawa ni risasi. Tukachukue zile za kuzamishia nyavu, umshonee gauni.

— Atatembeaje, mjomba? aliuliza Waziri.

— Atembee aende wapi? Kazi yake si kusimama?

— Basi mashine ipakiwe botini. Daktari apige mbizi, avute waya kwa kamba!

Benchi likacheka. Anatoli akagonga kikombe.

— Watu watatu chumbani, aproni moja! Na daktari, msomi mzima, anaona sawa!

Mwalimu Melania, mgeni mtaani, alikuwa akisubiri kahawa yake.

— Samahani, kaka. Kibeji huvaliwa wapi?

— Kifuani.

— Dada alikivaa?

Anatoli aliitazama barua mikononi mwa Waziri. Miezi mitatu alikuwa akimsifu mtunza stoo wa hospitali kwa uangalifu wake.

— Mtunza stoo alivifungia kabatini. Visipotee.

— Basi hiyo “hakuna mionzi” ni ya kabati. Dada je, amepata kiasi gani?

Waziri aliikunja barua taratibu, akairudisha.

— Nickson, alisema Anatoli, kesho mke wangu ana wagonjwa wawili. Hizo risasi za nyavu zinauzwa wapi?

Safari hii Pistoni hakucheka.