Marehemu Bwana Muhdhar na Spika Zake Mbili za Mvule

Enyi jamaa, majirani na wageni mliovuka maji kutoka Faza, Pate na Ndau kuja kutusomea hitima, kaeni vyema na muivumilie sauti ya kipaza hiki, inakwaruza, tunajua, na kabla hatujamaliza nanyi mtajua kwa nini.

Marehemu Bwana Muhdhar bin Bakr alizaliwa Faza tarehe 14 Machi 1952, kitindamimba wa fundi vitanda Mzee Bakr, na tangu udogoni alikuwa na masikio ya taabu, akisikia mlango unalia nyumba ya tatu huondoka na kibuyu cha mafuta kwenda kuupaka bila kuombwa, jambo lililowaudhi wenye mlango na kuwapa wanawake maneno ya wiki nzima.

Alihitimu msahafu kwa babake, akasoma shule ya msingi papo hapo Faza hadi darasa la saba mwaka 1967, asiendelee, kwa kuwa kengele ya shule, alisema mwenyewe, ilikuwa na ufa na ikimtia kichefuchefu.

Mwaka 1968 alikuja hapa Amu kujifunza kunakshi milango, mwaka 1974 akaenda Mombasa kwa fundi wa redio, akarejea 1977, na mwaka huohuo Mzungu mmoja aliyepanga Shela alihama akatupa jaani spika mbili za kwao, mbao zake za kubandika zimevimba kwa hewa ya chumvi kama mkate uliomwagikiwa chai, marehemu akakunja uso kwa kinyaa, akaving'oa viini vyake, vile vikombe vya karatasi vitoavyo sauti, na kuvijengea masanduku ya mvule, yaliyoshikana kwa kazi ya patasi bila msumari hata mmoja.

Mara ya kwanza aliyaziba kila upande, yakanena kama mtu aliyejifunika shuka, basi mwaka 1981 akatoboa tundu mbele, akatia kipande cha bomba ili sanduku lipumue, akawa alikata bomba unene wa ukucha, asikiliza, alikata tena, Ramadhani nzima, hadi sauti nzito ikashuka ikatulia, ila zile za kati bado zikijigonga kutani humo ndani.

Ijumaa tarehe 8 Agosti 1986 alimuoa Bi Swafiya binti Kamaludin wa Pate, aliyekuja na mito minane ya sufi iliyoshonwa na mamake, na fungate haijesha Bi Swafiya aliamka akakuta mito sita imebaki maganda matupu, sufi yote imeshindiliwa ndani ya masanduku, akamwita mwizi, akamwita mume wa mbao, akavaa buibui arejee kwao, marehemu akamsihi asikilize kwanza kisomo kimoja tu cha Kurani, akasikiliza hali amesimama mlangoni, kisha akavua buibui, na tangu siku hiyo ikawa ada yao kila asubuhi kukaa wawili mbele ya spika zile, kimya, hadi kisomo kiishe, na hilo ndilo Bi Swafiya atakalo katika siku za eda yake, hataki jingine.

Walijaliwa watoto wawili, Nasreen mwaka 1988 na Sadiq mwaka 1991, na Nasreen ndiye aliyemshikia babake burashi mwaka 1999, sponji ya pembeni ya viini ilipooza, wakajaribu ngozi ya mbuzi ikakauka ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua, wakaivua, wakatia kitambaa cha pamba kilichopakwa gundi ya mpira, hapo marehemu akasema zimefika, zisiguswe tena.

Juni 2025 aliugua figo, akalazwa Mombasa, na huku nyuma Ubaid, mwana wa dadake, mwenye kukodisha muziki wa harusi, alizichukua spika akisema anaziboresha, na yanatia haya kuyasema lakini yatasemwa, alimwaga sufi ndiani punda wakaikanyaga na kuinyea, akautoboa mvule kwa keekee ya umeme, akapachika honi za plastiki na taa zenye kukonyeza nyekundu na kijani, akamalizia na rangi nyeusi ya kung'aa, rangi, juu ya mvule, mtu mwenye mama.

Marehemu aliporejeshwa Oktoba alizisikia zikibweka harusini mtaa wa pili, akazijua, akaomba beseni, akatapika, kisha akageukia ukuta, na Nasreen alipokwenda kuzitaka, Ubaid alimjibu kuwa mjomba amepitwa na wakati na kuwa spika zina harusi hadi Disemba, basi Bwana Muhdhar akafariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025 kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri, bila kuzisikia tena zikisema kwa sauti yao.

Leo Ubaid ametuletea spika hizo kwa heshima ya mjombake, tunamshukuru, na hii inayowakwaruza masikio ni moja yao, ile nyingine Sadiq aliiingiza ndani mlipokuwa mkinawa mikono kwa ajili ya pilau, na hii itaifuata nikikunja karatasi, kwa Bi Swafiya, ambaye yuko edani miezi minne na siku kumi, na mpwa wa mume si maharimu, haingii, wanavyuoni wako hapa waulizwe, msasa Nasreen anao tayari, na ile mito miwili iliyobaki katika minane, Bi Swafiya ameifumua asubuhi ya leo kwa mkono wake.

Kipaza kinazimwa sasa, yaliyobaki mtayasikia kwa mdomo mtupu.

Shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhangaikia, kwa majirani waliochota maji na kupika, kwa mafundi wenzake waliolibeba jeneza, na kwa kila aliyenyamaza alipohitaji kimya.

Pumzika, Bwana Muhdhar, kwa amani ya Mola wako, na sikio lako lisikerwe tena.