Bi Khairiya na Binamu wa Uroa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na sita ya kuvaa sare nyeupe, Bi Khairiya Nahodha, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya afya ya akili, anastaafu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu hodari wa kuandika wasifu wake, ikamkosa, ikampa karani wa masjala. Msomaji anaombwa radhi mapema.

Alianza kazi zama ambazo wagonjwa wengi waliletwa wamefungwa kamba, majirani wakifuata nyuma kutazama. Siku yake ya kwanza alifungua kamba, kisha akawafungia mlango majirani. Utaratibu huo haujabadilika hadi leo.

Chwaka wanamkumbuka kwa kalenda yake. Kliniki ya huko ilipangiwa kila Jumanne, na kina mama wa mwani hawakuonekana. Bi Khairiya akaihamishia siku za maji mafu, wakati shamba la mwani halifikiki. Karani wa masjala, mzaliwa wa kisiwa hiki hiki, alimwandikia barua mbili za kumkumbusha kwamba Jumanne ni Jumanne. Mwezi uliofuata chumba kilifurika, na karani akatumwa kupeleka viti.

Miaka minne iliyopita karani huyo alianza kumwendea kila Alhamisi baada ya kazi, kuulizia habari za binamu yake wa Uroa. Binamu hapati usingizi, chakula hakipiti, na hulia chooni akiwa amefungulia bomba ili asisikike. Lakini kliniki haji, kwa kuwa anaogopa karani wa masjala atalisoma faili lake. Karani alilieleza hili kwa uso mkavu kabisa.

Bi Khairiya hakucheka. Alieleza kwamba binamu ataulizwa kwanza kuhusu usingizi, kazi na mawazo yake, na huenda akapimwa damu, maana mwili nao una vituko vyake. Kisha yeye na daktari watachagua pamoja: mazungumzo na mshauri, dawa, au vyote viwili. Kulazwa ni kwa aliye hatarini, si kwa kila anayebisha hodi. Familia ikitaka kumsomea dua, wamsomee, ila dawa asiziache. Karani aliandika yote kwenye daftari, kwa ajili ya binamu.

Alhamisi ya tatu alisema binamu anaona heri asiwepo duniani. Bi Khairiya akaweka kalamu chini.

"Mwambie huyo binamu yako aingie ndani sasa hivi, na kama ataka kulia, avue miwani kwanza."

Karani hakuwahi kusema kwamba binamu anavaa miwani.

Alilia mpaka adhana ya Magharibi. Bi Khairiya alimpigia simu mkewe, Biasha, na hakumwacha peke yake hata dakika moja mpaka mkewe na daktari walipofika. Vidonge vilichukua wiki kadhaa kufanya kazi. Karani alipojiona mzima akaviacha, kosa ambalo kila siku huwaonya wagonjwa dirishani, akarudi ameinamisha kichwa. Alipokewa bila lawama, akaanza upya.

Uroa hana binamu, hata wa mbali. Faili ni lake, liko droo ya pili, na amelipanga mwenyewe kwa kufuata herufi. Bila mwanamke huyu wasifu huu ungeandikwa na mtu mwingine, na pengine vizuri zaidi, lakini mwandishi anafurahi sana kuwepo kuuharibu.

Bi Khairiya, ahsante. Mungu akupe afya, usingizi mnono, na Jumanne zisizo na barua. Usiwe na wasiwasi juu ya binamu. Alhamisi ijayo atapanga foleni kwa muuguzi mpya, na akiulizwa anamwulizia nani, atataja jina lake.

Hija Msabah,
Karani wa Masjala