Damari Msengi, Aliyechagua Mbegu kwa Pua

Hapa Iguguno ilisemwa kwamba marehemu mama yetu Damari alikuwa akizichemsha pilipili zake kabla ya kuzipeleka mnadani, ndiyo maana haziunguzi. Jirani yake Yunisi ndiye aliyelitembeza neno hilo, na leo yupo hapa analia kuliko sisi. Hatumtaji kwa ubaya. Mama alipolisikia alicheka mpaka akakaa chini, akasema kuni za mlenda tu hazimtoshi, za kuchemshia pilipili azitoe wapi.

Marehemu alizaliwa Mtinko tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mzee Msengi na bibi Yasinta. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, mwaka 1951, akatolewa kwenda kuchunga ndama.

Mwaka 1957 alifunga ndoa na Simeoni Kitundu wa hapa Iguguno. Alikuja na mbegu za pilipili mbuzi za mama yake, amezifunga kwenye pindo la kanga. Mzee Simeoni alitangulia mwaka 1984.

Alilima alizeti na mtama kama wenzake, lakini bustani ya pilipili nyuma ya nyumba ndiyo iliyosomesha watoto. Kila msimu alipita shina kwa shina, anavunja tunda moja, ananusa kwanza, ndipo anagusisha ulimi. Shina lenye harufu nzuri alilifunga uzi, likaachwa kwa ajili ya mbegu. Elina, mke wa mwanawe Elisha, alipofika mwaka 1995 alidhani mkwewe anazisalimia pilipili. Mama akamwambia, "Ukali si kazi. Hata moto ni mkali, nani anautia kwenye mlenda?"

Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi walianza kuja na malori yao. Mwaka 1996 alifika Laurenti kutoka Arusha, na mbegu mpya mfukoni. "Bibi, hizi zako zinabembeleza," alisema. "Mjini watu wanataka walie."

"Kulia kuna siku yake, baba," mama akamjibu. "Mezani watu wanakula."

Hata hivyo mabati ya nyumba yalikuwa yanavuja, akakubali kumpandia mistari miwili, pembeni ya zake. Hapo ndipo alipokosea. Nyuki hawajui mpaka, wakachanganya chavua za maua ya huku na kule. Mbegu aliyoiweka msimu ule ilizaa matunda yaleyale kwa sura, lakini ukivunja, harufu hakuna, pua inaungua tu. Aling'oa bustani nzima kwa mikono yake. Elina alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, asiweze kumsaidia, kwa sababu mkono uliogusa pilipili haumshiki mtoto anayenyonya. Kwenye kibuyu juu ya jiko zilikuwepo mbegu za zamani, kiasi cha kiganja. Katika zote hizo yaliota mashina manne.

Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua zile kubwa zikinyesha, mama alianza kutokwa damu puani. Hospitalini walikuta uvimbe ndani ya pua, nao ulikuwa umeshakua. Alirudishwa nyumbani, akauguzwa na watoto wake. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 1998, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake Asnath.

Ameacha watoto watatu, Elisha, Asnath na Yohana, wakwe wawili, na wajukuu watano, wa mwisho akiwa Shukuru wa Elina, ambaye bado ananyonya. Bwana aliyempa pumzi ampe sasa na pumziko.

Limebaki jambo moja. Jumamosi iliyopita, matunda ya mashina yale manne yalipoiva, mama aliomba aletewe yote kwenye sinia. Aliyavunja moja moja, akayapeleka puani, akayarudisha. Elina alikuwa amempakata mtoto. Mama akamwambia Asnath ampokee, kisha akasema taratibu:

"Elina mwanangu, mimi harufu siisikii tena. Mikono utaisugua kwa mafuta ya alizeti, halafu sabuni, mtoto hataungua. Ninusie wewe, uniambie lipi ni la mbegu."