Mabehewa Saba ya Mzee Spana

"Tone moja tu, wewe mtoto, mbona una mkono wa birika?"

"Siongezi, babu, magurudumu yanateleza!"

"Nimepaka mafuta vichwa vya treni kabla mama yako hajazaliwa, leo unifundishe wewe?"

"Hivyo vilikuwa na tani themanini, hiki hakifiki hata kilo mbili!"

Ndugu waombolezaji, ndivyo tulivyobishana mimi na marehemu babu yangu, Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, katika chumba cha nyuma, na familia imeniomba nisome historia yake kwa kuwa ugomvi huo naujua mimi peke yangu.

Babu alizaliwa tarehe 14 Juni 1944 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akasoma hadi darasa la nane, na tarehe 2 Januari 1963 akaajiriwa karakana ya reli kama fundi wa vichwa vya mvuke, ambako wenzake walimbatiza Mzee Spana, kwa sababu hata harusini kwake, tarehe 21 Agosti 1971, spana ilimdondoka mfukoni mbele ya wakwe. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa mama yangu, na wajukuu kumi na mmoja.

Alipostaafu tarehe 30 Juni 1999, wenzake walimzawadia kichwa kidogo cha treni, chenye umbo la mvuke lakini kinachotumia umeme, naye akakitandikia reli kuzunguka kitanda na kupanda hadi rafu ya dirishani, mpaka bibi akakiita mke mwenza. Kasoro yake ilikuwa moja, kilivuta mabehewa mawili tu, la tatu likifungwa kinagoma mlimani.

Mwaka 2017 babu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, nami nikaacha shule kidato cha pili ili nimtunze, na hapo mikono yangu ikawa yake. Tulikifungua kichwa chote, tukakipa mota ya printa iliyokufa, tukajaza tumboni vipande vya risasi, vile vizito vya ndoana za samaki, ili kishike reli, tukachomea vibati vya shaba ili kila gurudumu linyonye umeme, kikavuta matano, tukapiga makofi kama wendawazimu! Lakini saba, ambayo babu ndiyo aliyoyalenga, kilikataa, kwa sababu babu alikilowesha mafuta kama kile cha tani themanini, magurudumu yakawa yanazunguka palepale, na moyo wake nao ulikuwa umechoka, daktari ameshapanga upasuaji Jumanne tarehe 12 Machi, siku tatu baada ya ugomvi ule, naye ameapa kwamba haondoki kabla hajayaona saba yakifika dirishani.

Jumanne alfajiri alikubali, kwa shingo upande, nipunguze mafuta, nikafuta magurudumu na reli kwa spiriti, nikaweka mafuta kwenye ekseli tu, kwa ncha ya sindano. Tukafunga saba. Kikaanza kupanda taratibu, kikatetemeka kwenye kona, babu akauma shuka, bibi akatoka mbio jikoni na mwiko mkononi akipiga kelele, "Panda, mke mwenzangu, panda!", na kikapanda, ndugu zangu, yote saba, hadi dirishani, babu akacheka mpaka machozi, nikadhani tutampasua sisi kabla ya daktari!

Upasuaji ulifanyika siku hiyo, lakini moyo haukuhimili, na Alhamisi tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, babu alituaga. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wastaafu wenzake wa karakana waliolibeba jeneza wakikataa kupokewa. Babu, umefanya kazi yako ikakamilika, sasa pumzika, tena kwa amani.

Nimalizie na neno lake la mwisho kwangu, asubuhi ile ya Jumanne, dereva wa kumpeleka hospitali akipiga honi nje, mjomba amemshika kwapani, akageuka pale mlangoni akaniambia, "Fundi, kesho ongeza behewa la nane."